Kambi si hema: namna tulichagua pa kulala kwenye Barabara ya Divai ya Alsace



Leo sitaandika juu ya wafalme wala juu ya mikataba. Naandika juu ya hema. Mwanzo wa mwezi wa tisa, mwaka uliopita, tulitaka kwenda kupumzika siku nne kule Alsace, mashariki ya Ufaransa, wakati wanavuna zabibu. Toka Liège ni safari ya karibu saa tano na gari. Tulikuwa watu watano: miye, bibi yangu, watoto wawili, na mama mukubwa, dada mukubwa wa mama yangu aliyenilea. Hoteli za wakati wa mavuno zina bei ya kutisha. Njo nikasema: tutalala kwenye kampingi, ule uwanja wenye maji, vyoo na umeme, ambapo watu wanasimika hema ao kuegesha magari-nyumba yao.

Mama mukubwa alinyamaza kidogo. Kiisha akasema: “Mutoto wangu, unataka tulipe feza juu ya kulala mu hema? Miye nililala mu hema, na hakuna mutu alinilipisha.”

Wenye kutoka kwetu walielewa. Mwisho wa mwezi wa kumi 2008, Rutshuru ilipoanguka mikononi mwa CNDP, mama mukubwa alikimbia kwa miguu mpaka Kibati, na nyuma akapelekwa Mugunga, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayokataa hata kupokea kigingi. Kwake neno “kambi” lina harufu ya moshi na shiti ya plastiki yenye kuvuja. Na kwetu Kongo hilo neno halijawahi kuwa na sura nzuri. Kuna kambi ya askari. Kuna kambi ya wafanyakazi, ile ambamo Union Minière ilipanga familia za wachimbaji kule Katanga. Kuna kambi ya wakimbizi. Katika zote tatu, mwingine njo anachagua pa kukuweka.

Sikuwa na jibu. Nikamwambia: “Mama, unipe juma moja nitafute vizuri.” Juma lile nilianza kutafuta kampingi, nikajikuta nasoma historia.

Tuanze na swali lake: nani aliwahi kufikiri kwamba kulala mu hema ni raha? Zamani Ulaya ilikuwa mchezo wa vijana wa skauti na wa watu wenye nafasi. Mfanyakazi wa kiwanda hakuwa na hema kwa sababu hakuwa na siku. Ufaransa mambo yaligeuka mwaka 1936. Serikali ya Front Populaire ya Léon Blum iliingia kati ya migomo mikubwa, na sheria ya tarehe 20 mwezi wa sita ikampa kila mfanyakazi likizo ya majuma mawili yenye kulipwa. Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na mapumziko katika ile serikali, akaleta tikiti ya treni yenye punguzo la asilimia 40. Kwa mara ya kwanza, fundi chuma na mke wake waliweza kwenda kuona bahari na milima.

Lakini kulala wapi, na feza gani? Wengi walibeba hema mgongoni, wengine kwenye baiskeli ya watu wawili. Nyuma ya vita likizo iliongezeka: juma la tatu mwaka 1956, la nne 1969, la tano 1982. Vijiji vikaona watu wanakuja kila kiangazi, na manispaa nyingi zikafungua viwanja vyao za kulala, kwa bei ya chini. Njo ile inaitwa kampingi ya manispaa. Kumbe si biashara tu. Nyuma yake kuna mgomo, sheria na diwani wa kijiji aliyetoa kiwanja.

Alsace nayo ilitengeneza njia yake. Tarehe 30 mwezi wa tano 1953 walizindua Barabara ya Divai: kilometa karibu 170, toka Marlenheim upande wa kaskazini mpaka Thann upande wa kusini, ikipita kijiji kwa kijiji chini ya milima ya Vosges. Ile milima inazuia mawingu ya mvua yanayotoka magharibi, mpaka Colmar ni kati ya miji yenye mvua kidogo kabisa Ufaransa. Ni nzuri kwa zabibu za Riesling na Gewurztraminer, na ni nzuri kwa mwenye hema.

Sasa nilikuwa na njia tatu mbele yangu, na nazieleza kwa sababu wengine kati yenu mutakuja kuzihitaji.

Ya kwanza: kampingi kubwa ya tambarare, karibu na Colmar. Bwawa la kuogelea, michezo ya watoto, duka. Lakini mizabibu haiko pale, iko juu kwenye vilima. Kila siku utapanda na gari kwenda kuonja divai, na kurudi na gari. Ufaransa, kipimo cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na ukionja glasi ndogo ndogo kwa wakulima watatu, kipimo hicho hakiko mbali. Kwa hiyo mtu mmoja hatakunywa safari nzima. Yule mmoja ni miye.

Ya pili: kulala kwa mkulima mwenyewe. Toka mwaka 1993 kuna mpango unaoitwa France Passion: wakulima wanakubali magari-nyumba yaegeshe kwao usiku mmoja bila kulipa. Nzuri sana, lakini ni ya magari-nyumba yenye choo chake na maji yake ndani. Mwenye hema hana nafasi pale. Na mwenye gari kubwa akumbuke kwamba vile vijiji vilijengwa zamani za mikokoteni, barabara zake ni nyembamba, gari linabaki inje ya kuta.

Ya tatu: kampingi ya manispaa, ndogo, bila bwawa, lakini unatoka mlangoni na miguu yako na nyuma ya dakika chache uko kijijini ao kwenye mizabibu. Eguisheim kuna kampingi, Kaysersberg kuna kampingi. Ubaya wake: nafasi zinajaa mbele ya mavuno, na nyingi zinafunga mwezi wa tisa ukiisha. Piga simu mapema, uliza tarehe ya kufunga, uliza kama kuna kivuli, na uliza kama udongo unapokea kigingi. Hilo swali la mwisho lilitoka kwa mama mukubwa. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo.

Nikabaki kati ya Eguisheim na Kaysersberg. Jambo lililoamua si bei.

Kaysersberg njo alizaliwa Albert Schweitzer, tarehe 14 mwezi wa kwanza 1875. Daktari wa Lambaréné, kule Gabon, tulimsoma sisi wote kwenye masomo ya msingi, tukaambiwa tumupigie makofi. Wakati alizaliwa, Alsace ilikuwa ya Ujerumani toka 1871. Alipokwenda Gabon mwaka 1913, koloni la Ufaransa, alikwenda na hati ya Kijerumani. Vita ikaanza, na mwaka 1917 Wafaransa wakamchukua yeye na mke wake, wakawapeleka Ufaransa na kuwafunga kambini, kwanza Garaison, kiisha Saint-Rémy-de-Provence. Mtu aliyekwenda kujenga hospitali kati yetu alilala kambini kwa sababu ya karatasi. Hiyo kwenye darasa hawakutuambia.

Na hakuwa peke yake. Alsace ilirudi Ufaransa nyuma ya 1918. Mwezi wa tisa 1939, vita ilipotangazwa, mamia ya maelfu ya wakaaji waliokuwa karibu na mpaka walihamishwa kwa treni mpaka kusini-magharibi, kila mtu na mzigo wa mkononi. Mwaka 1940 Wajerumani wakainyakua tena. Mwaka 1941 walifungua kambi ya mateso ya Natzweiler-Struthof, mlimani, juu ya bonde lisilo mbali na ile barabara ya divai. Toka 1942 wakawalazimisha vijana wa Alsace na wa Moselle, karibu 130,000, wavae nguo za jeshi la Ujerumani. Wale watu wanaouza divai na kutabasamu, nyanya zao walijua kukimbia, walijua kambi, walijua kubadilisha bendera bila kuhama nyumba.

Kuna jambo lingine, na hili njo lilimaliza hesabu. Juu ya kijiji cha Sigolsheim, kilima cha jirani na Kaysersberg, kuna makaburi ya kijeshi yanayotazama mizabibu pande zote. Toka mwisho wa 1944 mpaka tarehe 9 mwezi wa pili 1945, Wajerumani walishikilia eneo la Colmar. Kilima kile kilipiganiwa kwenye baridi na theluji, na kijiji kilibomolewa. Jeshi la Kwanza la Ufaransa, la jenerali de Lattre de Tassigny, lilipigana pamoja na Wamarekani, na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Waafrika: Wamoroko, Waalgeria, Watunisia. Wale wa Afrika Magharibi walioitwa tirailleurs sénégalais, maelfu yao, walikuwa wametolewa mstari wa mbele vuli ile ile na nguo zao kupewa vijana wazungu. Sababu iliyotolewa ilikuwa baridi. Watu waliiita “kusafisha rangi”, na jina lile linasema ya kutosha. Sigolsheim kuna makaburi zaidi ya 1,500, na karibu nusu ni ya Waislamu, mawe yao yakielekea Maka.

Wetu hawako pale. Askari wa Force Publique walikuwa upande mwingine, Ethiopia, ambako mwaka 1941 Waitalia walijisalimisha mbele yao kule Saïo. Lakini niliposoma juu ya kile kilima, nilisema: nikipeleka watoto wangu kunywa juisi ya zabibu za udongo huu, wajue pia udongo huu ulinyweshwa nini. Tukachagua Kaysersberg. Toka 2016 Kaysersberg na Sigolsheim ni manispaa moja, kwa hiyo nyumba alikozaliwa Schweitzer, kampingi na makaburi viko chini ya meya mmoja.

Nilimueleza mama mukubwa haya yote, mezani, jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: “Tukipafika, na miye nikikataa, tunaweza kutoka?” Nikamwambia, mama, hata usiku. Akasema: “Basi. Kule Mugunga hiyo njo haikuwako.”

Ndugu zangu, nilisoma historia miaka mitano na hakuna profesa aliyenipa tafsiri ya neno “kambi” safi namna ile. Hema ni ile ile: kitambaa, kamba, kigingi. Tofauti ni nani anachagua pa kuisimika, na nani anashika siku ya kuondoka. Mfanyakazi wa 1936 alilala chini kama mkimbizi wa 1939, pengine alilala vibaya zaidi. Mmoja alikuwa na tikiti ya kurudi.

Tulilala usiku nne. Usiku wa kwanza mama mukubwa hakulala sana, nilimusikia anafungua na kufunga zipu ya hema, mara tatu, mara ine. Asubuhi sikumuuliza. Siku ya pili tulipanda Sigolsheim. Alitembea kati ya mistari ya makaburi pole pole, akisoma majina kwa sauti ya chini, kiisha akasema: “Hawa nao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja.” Siku ya tatu alionja Gewurztraminer, akasema ni tamu kama dawa ya mutoto, akaomba glasi ya pili. Tulirudi kwa miguu, sisi wote, na dereva alikunywa.

Kwa wenye kwenda: chagueni mahali mutakapotembea kwa miguu, ulizeni tarehe ya kufunga, na someni mbele ya kufika nani alilala pale mbele yenu. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyelala Kibati, Mugunga ao Bulengo, musimupeleke kwenye hema kwa kumufanyia saprizi. Mumuulize kwanza.