Alama za Bishop na Swali la Tarehe: Historia Fupi ya Kutabiri Matokeo ya Kuanzisha Uchungu, kwa Kurejelea Muleba

Mwaka 1964 Edward Bishop, daktari wa uzazi wa Philadelphia, alichapisha mfumo wa alama unaopima mambo matano: kufunguka kwa mlango wa kizazi, kufupika kwake, ulaini wake, mwelekeo wake, na kushuka kwa kichwa cha mtoto katika nyonga. Jumla ya juu ni 13. Mwenye 9 au zaidi alitarajiwa kujifungua bila taabu akianzishiwa uchungu. Mkunga hakuhitaji chombo ila vidole vyake, na bila shaka hilo lilisaidia mfumo huo kudumu.

Asili yake, hata hivyo, husahauliwa. Bishop aliwalenga wanawake waliokwisha kuzaa, wenye mimba isiyo na matatizo, walioanzishiwa uchungu kwa hiari. Mimba iliyopitiliza, yaani iliyotimiza wiki 42 au siku 294, ni suala jingine. Hapo hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka, na huenda mama ni mzazi wa kwanza ambaye mlango wake bado mgumu. Kwake alama ya chini si katazo. Ni dalili kwamba mlango ulainishwe kwanza, kwa misoprostoli au katheta yenye puto.

Kwa mama wa Kagoma anayepelekwa Rubya au Ndolage, hospitali za misheni wilayani Muleba, tatizo hutangulia alama. Kanuni ya Naegele, ya mwanzoni mwa karne ya 19, huhesabu siku 280 tangu hedhi ya mwisho. Mama aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, kabla hedhi haijarudi, hana siku ya kuanzia. Akihesabiwa wiki 42 ilhali ana 39, mlango wake utakuwa mgumu kwa sababu wakati haujafika, na uanzishaji ukishindwa lawama itaiangukia alama. Atafanyiwa upasuaji, na mimba ijayo itabebwa na kizazi chenye kovu, ambacho misoprostoli yaweza kukipasua. Umbali kutoka hospitali hapo huwa suala la uhai.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza uanzishaji kwa wanawake wanaojulikana kwa uhakika kuwa wametimiza wiki 41. Sharti la uhakika ndilo zito kuliko yote katika pendekezo hilo. Mwaka 2016 Shirika hilo likapendekeza kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, muda ambao mama anayechelewa kuanza kliniki huwa ameshaupita.