Heroe wa Natron: vitone vya waridi vilivyogeuka ushahidi

Tangu zama za kamera za kwanza, wapiga picha wa ndege wamekuwa na lalamiko moja: ndege yuko mbali, na pichani anabaki nukta. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezuru nchi ya Wamaasai mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia bamba za kioo zilizobebwa na wapagazi. Kitabu chake, kilichochapishwa Leipzig mwaka 1905, kilisifiwa sana Ulaya, ingawa katika baadhi ya picha za mchana wanyama ni wadogo mno.

Udogo huo ulikuja kuwa faida katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni ya Kenya, alipita juu ya ziwa hilo kwa ndege akaona viota vya heroe, ambao wengi huwaita flamingo, katikati ya matope ya magadi. Akajaribu kuvifikia kwa miguu. Magadi yakamuunguza vibaya. Alilazwa hospitalini kwa wiki kadhaa, akapandikizwa ngozi miguuni.

Ikabaki kuwatazama heroe kutoka angani. Kutoka huko kila mmoja ni kitone cha waridi, na kumkuza hakusaidii: kingo za picha zikikatwa ili aonekane karibu, chembechembe hujitokeza na ziwa hupotea. Mpiga picha hodari hungoja jua literemke ili vivuli viwatenganishe ndege na matope, na huacha nafasi wazi upande ambao kundi linaelekea. Anayehesabu hutaka picha nyingine kabisa, iliyopigwa moja kwa moja kutoka juu, aigawe kwa miraba na kuhesabu kitone kimoja kimoja. Picha hiyo haina uzuri wowote, lakini ndiyo yenye hoja.

Hoja ilihitajika mwaka 2006, ulipojitokeza mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron. Wapinzani walisema takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Picha ya heroe mmoja, hata ionyeshe kila unyoya, isingethibitisha dai kama hilo. Kampuni ya Tata Chemicals ya India ilijitoa katika mpango huo mwaka 2008.