Springi za upepo

Taa ya saspensheni ikiwaka kwenye dashibodi ya Land Rover Discovery 3 iliyoinuliwa, mwenye gari mjini Nakuru huanza kuhesabu bei ya kompresa. Mara nyingi anaharakisha. Kompyuta ya gari huenda inalalamikia vipimo tu.

Anayefasiri istilahi ya Kiingereza "air suspension" neno kwa neno ataishia na "mfumo wa kuning'iniza kwa hewa", jina lisilomwonyesha fundi pa kuanzia. Springi za upepo ni bora. Fundi wa malori tayari anazo breki za upepo, tairi hujazwa upepo, na jina lenyewe linamkumbusha kutafuta panapovuja.

Gari hili, lililotoka 2004, limekalia mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo. Kompresa hujaza tangi, vali hugawa upepo huo, na sensa ya kimo katika kila gurudumu hueleza bodi imesimama wapi. Wanaoinua gari kwa bei nafuu hubadilisha vifimbo vya sensa hizo: sensa hudhani gari limelala, kompyuta huongeza upepo, gari linapanda. Lakini vifimbo visipolingana, au sensa ikivutwa kupita mwisho wake, taa huwaka ilhali mpira ni mzima.

Nakuru ina taabu yake. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kompresa iliyochoka hukawia kujaza tangi. Kompyuta, inayopima muda huo, huandika kosa.

Kwa hiyo kodi za makosa zisomwe kwa mashine kabla ya kufutwa. Jioni, kila kona ipimwe kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kisha ipimwe tena alfajiri. Kona iliyoshuka ipakwe maji ya sabuni. Povu litaonyesha tundu. Relei ya kompresa nayo isisahaulike: ni kijisanduku cha bei ndogo, lakini ikigandama, kompresa hunguruma bila kukoma hadi iungue.

Kazi hii yote ya chini ya gari ifanywe chesisi ikiwa juu ya stendi za chuma, si juu ya mifuko, kwa sababu vali ikifunguka bodi hushuka na fundi yuko chini yake.