Carl Peters: Mkataba, Jina na Dhahabu

Katika makoloni mengi wachimba dhahabu waliingia katika siasa. Kwetu habari ilikwenda kinyume: mwanasiasa wa ukoloni ndiye aliyeishia kutafuta dhahabu.

Novemba 1884 Carl Peters alishuka Unguja na wenzake, wakiwa wamesafiri kwa majina ya uongo. Hapo Mji Mkongwe aliarifiwa kwamba serikali ya Ujerumani haitamlinda. Hakujali. Alivuka hadi Saadani, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Februari 1885 Kaiser aliipa hati ya ulinzi. Sayyid Barghash alipinga; Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake, naye akalazimika kukubali.

Mikataba hiyo iliandikwa kwa Kijerumani. Ule wa Mangungo wa Msovero unaanza kwa kutangaza urafiki wa milele, kisha unamtoa Mangungo akiikabidhi nchi yake yote, baada ya kufafanuliwa na mkalimani Ramazani. Vitabu vyetu vya shule vimemfanya Mangungo kuwa mfano wa mjinga. Naona tumemdhulumu. Karatasi ile inashuhudia alichoandika Peters. Haishuhudii alichosema Ramazani, wala maneno aliyoyachagua. Ikiwa Mangungo aliitikia neno "urafiki", je, alikuwa ametoa ardhi? Swali hilo ni la wanaisimu kama lilivyo la wanahistoria, nasi tumeliacha kwa muda mrefu mno.

Mwaka 1897 Peters alifukuzwa utumishi kwa kuwanyonga Waafrika wawili huko Kilimanjaro, kijana Mabruk na msichana Jagodja. Alihamia London, akaunda kampuni, na mwaka 1899 akaenda Zambezi kuitafuta Ofiri ya Nabii Suleiman. Hoja yake kuu ilikuwa jina: Fura, alidai, latokana na Afur, na Afur ndiyo Ofiri. (Wanafunzi wangu wa etimolojia wangelipata sifuri kwa hoja hiyo.) Dhahabu ya nyanda zile ilikuwa imepitia Sofala na Kilwa kwa karne nyingi, mikononi mwa wafanyabiashara Waswahili, bila kumhitaji Suleiman. Lakini Peters alitosheka na mfanano wa sauti, kama alivyotosheka Msovero na alama ya mkono wa Mangungo.