Ngitili, Akiba ya Wazee Wetu



Tukizungumza habari za akiba, wengi tunafikiria kisanduku chetu chenye kufuli tatu. Lakini hapa Shinyanga wazee waliweka akiba kabla ya hisa na daftari. Waliweka majani, na akiba hiyo inaitwa ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mwezi wa 11 au wa 12. Ng'ombe haingii. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Mwezi wa 7 au wa 8, malisho ya nje yakiisha, ndipo linafunguliwa kidogo kidogo. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai.

Hapo ndipo ngitili inapokutana na chungu cha ugali. Maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua za kwanza zikinyesha. Ukichelewa kulima umechelewa kupanda, na mvua itakatika mahindi hayajabeba. Kwa hiyo ugali wa mavuno ya mwaka huu ulianzia kwenye majani yaliyofungwa mwaka juzi!

Basi, ngitili zilipoteaje? Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamia ufyekaji wa mapori makubwa ili kumwondoa mbung'o, anayeleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, miti ikazidi kwisha. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, 1974 na 1975. Watu walihamia vijijini, ngitili zao zikabaki nyuma bila mlinzi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa.

Mzigo ukamwangukia nani? Mama. Kuni zikawa mbali, ikabidi kupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Samadi ya shamba ikaishia jikoni, na shamba likazidi kuchoka.

Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga mwaka 1984 akasikitishwa sana na alichokiona. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni nguvu ilikuwa kwenye vitalu vya miche. Baadaye wataalamu wakaona kwamba wananchi wanayo njia yao, nao wakaiunga mkono. Ngitili zikafufuliwa, nyingine za kaya, nyingine za kijiji. Dagashida ikapanga sheria, sungusungu wakalinda, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati akatozwa faini.

Mwaka 1986 zilikuwepo hekta 600 hivi tu. Mradi ulipoisha mwaka 2004, zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati ule, kabla Simiyu haijamegwa mwaka 2012. Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa kimataifa. Kwetu sisi tuzo kubwa ilikuwa miti kurudi. Kuni zikasogea karibu, na nyasi za kuezekea, uyoga, matunda na dawa vikapatikana tena.

Jamani, kazi haijaisha. Siku hizi mvua haina ahadi. Inachelewa, inamwagika kwa siku chache, inakatika. Ukame wa 2005 na 2006 ulitufundisha kwamba michembe ghalani na majani kwenye ngitili ni ndugu, kimoja ni chakula cha watu, kingine cha mifugo. Na wakati huohuo ngitili zinapungua, kwa sababu ardhi inagawanywa kwa watoto na nyingine zinakodishwa kwa mwenye ng'ombe wengi.

Tena kuna hili tunalolinong'ona kisimani tu. Ngitili nyingi ni za jina la baba. Mama anazitunza, lakini zikikodishwa haulizwi, na akifiwa anaweza kuzikosa kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Nafasi ipo. Tusiiache ikae na vumbi.

Kwa miaka 10 ijayo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanakikundi mwenye ngitili nyumbani azungumze na mzee wake ili majina yote mawili yaandikwe kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Pili, kikundi kiombe kijiji eneo tuwe na ngitili yetu. Tatu, tuwatume wenzetu wagombee kwenye baraza.

Kisanduku hakifunguliwi mpaka wenye funguo wote watatu wafike. Ngitili nayo isifunguliwe mama hayupo.

Akiba haiozi. Hongereni sana kwa miaka 10!