Jipu lenye kitundu: jinsi ya kumtambua nzi kwa picha na hatua za kuchukua

Makala hii ni kwa wakimbizi na wenyeji wanaoishi Kyebando na mitaa mingine ya Kampala. Inakueleza jinsi ya kupiga picha ya jipu au ya buu, jinsi ya kuisoma picha hiyo, na nini cha kufanya ukishajua mdudu ni yupi. Haichukui nafasi ya daktari au nesi.

Kwa nini ujue ni mdudu gani?

Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, wazazi wengi huona vijipu vyekundu mgongoni, kiunoni au matakoni mwa mtoto. Picha hutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, na majibu huja mengi: mmoja anasema ni funza, mwingine anasema ni surua, mwingine anasema mtoto amerogwa. Mzazi ananunua dawa za vidonge ambazo hazikuhitajika, au anamkamua mtoto mpaka jipu linaoza.

Kila mdudu ana njia yake. Mmoja unamzuia kwa pasi, mwingine kwa kulala kitandani, na mwingine anataka uende hospitali leo hii. Ndiyo maana inafaa umtambue kwanza.

Neno "funza" lenyewe linachanganya. Wakenya wengi hulitumia kwa mdudu wa miguuni, yule ambaye Watanzania humwita tekenya, Waganda envunza na Wanyarwanda amavunja. Wengine hulitumia kwa buu lolote. Ukizungumza na nesi, usitaje jina peke yake. Onyesha mahali palipo na uvimbe na useme ulianza lini.

Wadudu unaoweza kuwaona

*Nzi wa maembe.* Jina lake la kisayansi ni Cordylobia anthropophaga. Huyu ndiye wa kumfikiria kwanza ukiona vijipu sehemu zinazofunikwa na nguo. Jike hutaga mayai 100 hadi 300 kwenye mchanga wenye kivuli ulioingia mkojo au kinyesi, au kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3. Buu dogo linaweza kungoja kwenye nguo au ardhini hadi siku 15 hivi, na likigusa ngozi huingia ndani bila kuhitaji kidonda. Hukua kwa siku 8 hadi 12, kisha hutoka lenyewe na kuanguka ardhini. Kwenye picha utaona jipu lenye kitundu katikati. Kula maembe hakuleti ugonjwa huu.

*Funza wa miguuni.* Huyu si nzi, ni kiroboto. Jina lake ni Tunga penetrans. Hukaa zaidi kwenye vidole vya miguu, kandokando ya kucha na kwenye kisigino. Kwenye picha utaona duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Pasi haimzuii, kwa sababu hatoki kwenye nguo. Anatoka kwenye vumbi la sakafu na la uwanja.

*Buu la sakafuni.* Jina lake ni Auchmeromyia senegalensis. Hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya mikeka, kisha usiku hutoka kunyonya damu ya mtu aliyelala chini. Haliingii ndani ya ngozi. Asubuhi utaona alama za kuumwa tu, bila kitundu kinachopumua.

*Nzi wa pua za kondoo na mbuzi.* Jina lake ni Oestrus ovis. Jike hurusha mabuu madogo, ya urefu wa milimita 1 hivi, kwenye pua za mifugo, na mara nyingine humpata mtu jichoni. Mtu huhisi kama ameingiwa na mchanga ghafla, jicho huwa jekundu na machozi hutiririka. Usijaribu kuyatoa mwenyewe.

*Nzi wa vidonda.* Jina lake ni Chrysomya bezziana, na hupatikana Afrika na Asia. Hutaga kwenye kingo za kidonda kilichokwisha kuwa wazi. Mabuu huwa mengi pamoja, huchimba nyama nzima, na kidonda hutoa harufu mbaya. Hii ni dharura.

Ukitafuta kwenye intaneti utakutana na picha za kutisha za Dermatobia hominis, buu nene upande mmoja na jembamba upande mwingine. Nzi huyo anaishi kuanzia Mexico hadi kaskazini mwa Argentina. Kama hujasafiri huko, si yeye aliyekupata hapa Kyebando.

Jinsi ya kupiga picha ya jipu

1. Kaa karibu na mlango au dirisha mchana. Mwanga wa jua la kawaida ni bora kuliko taa ya simu, ambayo hufanya ngozi yenye unyevu ing'ae na kuficha kitundu.
2. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi.
3. Piga picha ya kwanza kwa mbali, ili ionekane ni sehemu gani ya mwili na vijipu ni vingapi.
4. Piga ya pili kwa karibu. Usiisogeze simu mpaka picha ikose kuwa wazi. Iweke umbali wa kiganja hivi, kisha kuza picha.
5. Weka rula au sarafu kando ya jipu ili ukubwa ujulikane.
6. Piga video ya nusu dakika. Buu likiwa hai, kitundu hutoa majimaji kidogo, na ncha nyeupe au nyeusi hupanda na kushuka. Hiyo ni sehemu ya nyuma ya buu, ambayo hulitumia kupumua.

Andika pia tarehe ulipoona uvimbe mara ya kwanza, na kama umesafiri mwezi uliopita. Taarifa hizi humsaidia nesi kama picha yenyewe.

Usitume kwenye kikundi picha inayoonyesha uso wa mtoto au sehemu zake za siri. Ikishatumwa, huwezi kuirudisha. Mwonyeshe mhudumu wa afya kwenye simu yako.

Buu lililotoka linasema zaidi

Kama buu limetoka, usilipondeponde wala kulitupa chooni. Liweke kwenye karatasi au sahani nyeupe, ukalipige picha tatu: zima kwa ubavu, upande wa kichwa na upande wa nyuma. Upande wa nyuma ndio muhimu zaidi. Una madoa mawili ya kupumulia, na kila doa lina mipasuo midogo. Kwa nzi wa maembe, mipasuo ni mitatu na imejipinda kidogo. Kwa ndugu yake wa misitu ya mvua, Cordylobia rodhaini, mipasuo imejipinda sana kama nyoka. Kwa yule wa Amerika, imenyooka.

Simu nyingi haziwezi kuonyesha mipasuo hiyo. Darubini ya maabara inaweza. Kwa hiyo litunze buu: litumbukize kwenye maji ya moto sana kwa nusu dakika ili lisisinyae, kisha liweke kwenye kichupa chenye spiriti ya hospitali, uandike tarehe juu yake. Buu la nzi wa maembe lililokomaa lina urefu wa milimita 13 hadi 15, na mwili wake umejaa vimiba vidogo vyeusi.

Kwa nini picha ya nzi mwenyewe haitoshi?

Watu wengi hupiga picha ya nzi aliyetua ukutani wakauliza kama ndiye. Mara nyingi haiwezekani kujibu. Nzi wa maembe na nzi wa buu la sakafuni wote wana rangi ya kahawia yenye manjano na ukubwa unaokaribiana. Tofauti zao ni ndogo: kwa mfano, macho ya dume la nzi wa maembe hukaribiana sana, na ya mwenzake yameachana. Programu za simu za kutambua wadudu huweza kukupa jina hata pale picha isipoonyesha tofauti hizo. Ukiwa na picha ya nzi tu, chukulia jibu lolote kuwa la kukisia.

Ukishajua, fanya hivi

Kama ni nzi wa maembe na jipu halina usaha, nawa mikono, kisha paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu na uyaache nusu saa au zaidi. Buu hukosa hewa na kuanza kutoka. Libonyeze taratibu kutoka pande zote mbili kwa vidole safi. Lisipotoka, acha. Likipasukia ndani, jipu linaweza kuvimba na kuoza. Baada ya kutoka, osha kwa sabuni na maji safi. Usitumie petroli, maji ya betri, moto au wembe.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa:

- mgonjwa ni mtoto mchanga, au vijipu ni vingi;
- jipu liko usoni, karibu na jicho au sehemu za siri;
- kuna homa, usaha, au wekundu unaosambaa;
- mabuu yako ndani ya jicho, pua, sikio au kidonda.

Jinsi ya kuzuia

Vyumba vingi vya kupanga Kyebando, vile vya muzigo, havina kamba za kutosha. Nguo huanikwa kwenye majani, kwenye ua wa miti au chini kando ya mtaro. Hapo ndipo nzi wa maembe hutaga.

Anika nguo kwenye kamba iliyo juu, juani, zikauke kabisa. Kisha zipige pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mipira ya kiunoni. Joto la pasi huua mayai na mabuu. Yaka ikiisha, pasi ya makaa inafanya kazi ileile. Watu husahau vitu vinne: nepi za kitambaa, kitenge cha kumbebea mtoto, taulo na shuka. Kama pasi haitoshi kwa nguo zote, anza na za mtoto.

Kama huna pasi kabisa, kausha nguo ndani ya nyumba, madirisha yakiwa na wavu au yamefungwa. Nguo zilizokwisha kuanikwa chini zikunje, uziweke kwenye mfuko uliofungwa kwa zaidi ya siku 15 kabla ya kuzivaa, ili mabuu yafe kwa kukosa mwili wa kuingia.

Usimlaze mtoto moja kwa moja kwenye ardhi, wala usitandike godoro kwenye mchanga wenye kivuli. Kwa buu la sakafuni, kitanda kilichoinuka ndiyo kinga. Kwa funza wa miguuni, vaa viatu na nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia.

Wapi pa kupata msaada?

Nchini Uganda, mkimbizi anaweza kutibiwa kwenye vituo vya afya vya serikali kama raia. Tangu mwaka 2001, vituo vya afya vya serikali havitozi ada ya kumwona mhudumu. Kwa anayeishi Kyebando, kituo cha afya cha Komamboga kiko katika divisheni hiyohiyo ya Kawempe. Hospitali ya Rufaa ya Kawempe huhudumia akina mama na watoto, na Mulago hupokea wagonjwa wanaoandikiwa rufaa. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi au cha mwombaji hifadhi, simu yenye picha, na kichupa chenye buu.

Kama hujui pa kuanzia, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako, yule anayeitwa VHT. Mwenyekiti wa LC1 atakuelekeza kwake. Ukikataliwa huduma kwa sababu wewe ni mkimbizi, piga namba ya bure ya UNHCR, 0800 323232, ueleze ilikuwa kituo gani na siku gani.