Bărbulescu dhidi ya Romania
Bărbulescu dhidi ya Romania ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu tarehe 5 Septemba 2017, kuhusu mipaka ya mwajiri kufuatilia mawasiliano ya mfanyakazi. Bărbulescu, mhandisi wa mauzo mjini Bucharest, alifungua akaunti ya Yahoo Messenger kwa agizo la mwajiri ili kuwajibu wateja. Julai 2007 kampuni ilinasa ujumbe wake kwa siku kadhaa, ukiwemo wa faragha kabisa aliowaandikia ndugu yake na mchumba wake, kisha ikamfukuza kwa kutumia vifaa vya kazi kwa mambo binafsi. Alipolalamika, mwaka 2016 jopo la majaji saba la Mahakama hiyo ya Ulaya halikuona kosa. Baraza Kuu la mahakama hiyo likatengua uamuzi huo kwa kura 11 dhidi ya 6: mahakama za Romania hazikuilinda faragha yake ipasavyo. Hoja nzito zaidi ni kwamba kujua matumizi binafsi yamekatazwa si sawa na kujulishwa mapema kwamba ujumbe wenyewe utasomwa. Ufuatiliaji haukupigwa marufuku, ila lazima uwe na sababu halali, na isiwepo njia inayoingilia faragha kidogo zaidi ya kufikia lengo hilohilo.